Nilifuata viazi Njombe, siku sita

Siku ya 1, Jumatatu

Basi limetoka Mbezi saa 12 asubuhi, mimi siti ya dirishani, hela ya mzigo nimeifunga kiunoni kwa ndani maana bosi wangu haamini miamala mikubwa ya simu, na mimi siamini abiria wa pembeni, kwahiyo nimekaa kama nimemeza ufagio mpaka Mikumi.

Kazi yangu ni kufuata viazi. Sio dalali na sio tajiri, mimi ndo yule anayetumwa shambani, anasimamia ujazaji, anahesabu gunia, anapanda kwenye fuso anarudi nazo Dar. Njombe nimeizoea, mwaka wa sita huu. Ila safari hii dada yangu ambaye ni nesi kaniharibia safari kabla haijaanza. Juzi tunakula akaniuliza, unajua mikoa inayoongoza kwa watoto wenye udumavu nchi hii? Nikataja mikoa yenye ukame ukame. Akacheka. Akaniambia Iringa, Njombe na Rukwa. Nikamwambia acha utani, hiyo si ndo inatulisha sisi wote? Akanitumia namba za ule utafiti wa afya wa mwaka 2022: Iringa asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Taifa zima ni asilimia 30. Yaani Njombe ukiwapanga watoto kumi wa chini ya miaka mitano, watano wamepungukiwa urefu kwa umri wao, na sio ule ufupi wa ukoo wenu wote wafupi, ni mwili uliokosa vitu tangu tumboni mpaka miaka miwili. Zile wanaita siku 1,000. Zikishapita, kurudisha kilichopotea ni kazi ngumu sana.

Sasa njia nzima nimekuwa nawaza hiyo habari. Na njia yenyewe kama inakucheka. Ruaha Mbuyuni vitunguu vimepangwa mpaka barabarani, ukimaliza kupanda Kitonga unakuta Ilula ndoo za nyanya hazihesabiki, Mafinga malori ya mbao yamejipanga, Makambako tumepita usiku ambako wale wa hifadhi ya chakula ya taifa wana maghala yao ya mahindi. Nimefika Njombe mjini saa 3 usiku, baridi la mwezi wa sita linaingia mpaka kwenye mifupa. Gesti, blanketi mbili, nimelala na soksi.

Siku ya 2, Jumanne

Leo hamna la maana. Nimeshinda na dalali kijiweni tukinywa chai ya rangi na kupigiana simu na watu wa mashambani. Mjini hapa siku hizi kila mtu anaongelea parachichi, huyu kapanda heka mbili, yule kauza mzigo umeenda nje ya nchi, hata muuza chai ana miche kumi nyuma ya nyumba. Nimeuliza kama yanaliwa nyumbani, dalali kanijibu yale makubwa mazuri ni ya kuuza, tunayokula sisi ni yaliyodondoka. Kajibu kawaida tu, wala hakuona kama kasema kitu.

Tumekubaliana kijiji kimoja mbele ya Uwemba, gunia 80.

Siku ya 3, Jumatano

Bodaboda saa moja na nusu kwenye tope, nimefika magoti yanatetemeka. "Kamwene!" "Kamwene!" na mikono ya kusalimiana mpaka imeisha, huku watu wana adabu sana, hata ukija kuwanyonya wanakusalimia vizuri.

Shamba ni la familia moja, baba, mama na watoto wanne, mdogo kabisa mgongoni. Wachimbaji vibarua kama kumi na tano, wengi kina mama. Mama mwenye shamba yupo ndani ya matuta tangu nafika mpaka naondoka jioni, mtoto mgongoni, jembe mkononi, akiinuka ni kwenda kumnyonyesha dakika chache pale pale kwenye tuta alafu anarudi. Mchana alitumwa binti wa kama miaka tisa kuleta chakula, ugali na majani ya maboga, na kikombe cha uji kwa ajili ya yule mdogo. Nikauliza ana miezi mingapi. Minne. Nikakumbuka dada yangu anavyofokea kina mama kuhusu hili, kwamba miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake hata maji hapana. Lakini we mwambie hivyo mtu ambaye kesho anashinda kwenye shamba la mtu mwingine kwa kutwa, na mtoto atabaki kwa bibi. Bibi atamnyonyesha?

Sasa nieleze ujazaji wa gunia, maana hapa ndo kuna kazi yangu na ndo kuna aibu yangu.

Gunia linajazwa kawaida mpaka mdomoni. Sheria ya vipimo inasema lisizidi kilo 100, hapo lingetosha, lingeshonwa. Lakini hatushoni. Anakuja kijana fundi wa kupachika, anazungushia wavu na kamba juu ya mdomo, anapanga viazi kimoja kimoja kwa ustadi kama fundi wa tofali, kinatokea kichwa juu ya gunia, alafu anafunga. Hiyo ndo lumbesa. Kila mtu anaijua, kila mwaka inapigwa marufuku, na kila mwaka mimi nasimama pale nasema "ongeza kidogo huku kushoto kumelegea". Mkulima analipwa kwa gunia. Kichwa hakina bei.

Leo baba mwenye shamba alijaribu kulalamika kidogo, akasema mdogo wangu hivyo vichwa vimezidi mwaka huu. Nikampa jibu tunalotoaga wote, kwamba soko la Dar ndo linataka hivi, ukikataa naenda kwa jirani. Na akanyamaza kwa sababu ni kweli naweza kwenda kwa jirani. Viazi vimeshachimbwa, havina pa kukaa, ana deni la mbolea na mbegu kwa mtu wa duka, na mtoto wa sekondari karudishwa nyumbani. Mtu wa hivyo hapangi bei.

Jioni nimehesabu hela nikamkabidhi baba. Mama alikuwa mita tano pale anakung'uta udongo miguuni, hakugeuka hata kuangalia. Nimelipa viazi miaka sita na nikijaribu kukumbuka mwanamke niliyemkabidhi hela mkononi ni wajane tu.

Siku ya 4, Alhamisi

Fuso imegoma. Dereva kapiga simu yupo Njombe mjini anatafuta spea ya pampu, labda kesho. Kwahiyo niko kijijini sina kazi, nimepewa chumba kwa wenyeji hao hao, na kwa bahati leo ilikuwa siku ya afya na lishe ya kijiji. Hii inatakiwa kufanyika kila robo mwaka. Nimejisogeza ofisi ya kijiji kuangalia kama mtu anayeangalia mpira.

Kina mama kama arobaini wamekaa kwenye nyasi na kadi za kliniki mikononi. Wababa niliwahesabu watatu pamoja na mwenyekiti na mimi. Mhudumu wa afya wa kijiji, dada mmoja mkakamavu hivi, ana mzani wa kuning'iniza kwenye tawi la mti, utepe wa kupimia mkono na ubao wa kupimia urefu. Watoto wanalia kwa zamu, akianza mmoja wanadakia wote.

Akaletwa binti wa miaka mitatu kamili, mnene mnene mashavu yamejaa, sweta jekundu. Ukimuona unasema huyu anakula. Akamzungushia utepe kwenye mkono, ukasoma kijani, sentimita 14 na kitu. Kijani maana yake salama, njano ni chini ya 12.5, nyekundu chini ya 11.5. Mama yake akatabasamu, akaanza kufunga kanga aondoke. Mhudumu akamwambia subiri. Akamsimamisha kwenye ubao, akamnyoosha magoti, akashusha kile kibao mpaka kichwani. Sentimita 86.

Mtoto wa kike wa miaka mitatu wastani ni kama 95. Chini ya 87 na nusu hivi tayari ni udumavu. Hiyo 86 ni kimo cha mtoto wa miaka miwili. Yaani mwaka mzima haupo, na utepe wa mkono ulisema kijani.

Nikaelewa kwanini hili jambo halimshtui mtu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali unamuona, mbavu, nywele nyekundu, tumbo, kijiji kizima kinaongea. Huyu wa udumavu anacheza, anacheka, ana mashavu, na akisimama na wenzake hajapungukiwa chochote maana nusu ya wenzake wako kimo hicho hicho. Utasema mfupi kwa kulinganisha na nani? Mama yake kaambiwa, kaitikia "haya", na usoni hakuna kilichobadilika. Pembeni yangu bibi mmoja akasema kwa sauti kwamba ukoo wao ndivyo walivyo, wafupi wenye nguvu.

Baadae nimepiga stori na mhudumu. Anasema halmashauri zinatakiwa zitenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka kwa mambo ya lishe, na wakuu wa mikoa wamesaini mkataba wa lishe mbele ya Rais mwaka 2022. Nikamuuliza elfu moja inafanya nini. Akasema inafanya mafunzo, wanapika uji wa mfano, wanaonesha kuchanganya vyakula. "Kaka wanajua," akaniambia, "nikiwauliza makundi ya chakula wanataja yote kuliko wewe. Kesho asubuhi wapo shambani saa 12, nani anapika hayo makundi?"

Hilo neno limenikaa. Tunapenda kusema watu wa vijijini hawana elimu ya lishe. Elimu ipo, imebandikwa ukutani pale ofisini na picha za rangi. Kisichokuwepo ni masaa.

Siku ya 5, Ijumaa

Pampu bado. Nimeanza kuzoeleka, watoto wananiita mjomba wa viazi.

Leo nimemfuatilia mama mwenye nyumba kwa macho tu, bila kumwambia. Kaamka saa 10 na nusu alfajiri. Moto, maji kutoka bondeni ndoo mbili, nguruwe, kufagia, uji. Saa 12 na robo kaondoka kwenda kibaruani, shamba la chai la watu, elfu tano kwa kutwa. Karudi saa 9, akapitia kinyungu, hivi vibustani vya bondeni wanavyolima kiangazi, akachuma mboga, kuni kichwani, akapika, wakala saa 2 usiku. Watoto wadogo wawili walishinda na bibi yao kwenye uji ule ule wa asubuhi. Uji wa sembe, mwepesi, ukiuinua na kijiko unadondoka kama maji. Mtoto anashiba kweli, tumbo limejaa, ila kilichojaa ni maji na wanga kidogo. Tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake, ukilijaza na kitu hicho mara mbili kwa siku atakua na nini?

Na hiyo sembe yenyewe ina stori. Mahindi ni yao, wamelima wenyewe, mazuri. Wanayapeleka mashineni yanakobolewa mpaka yanakuwa meupe pee, kile kiini chenye mafuta na vitamini kinaondoka na pumba, pumba wanapewa nguruwe. Nguruwe akinenepa anauzwa mjini. Nikamuuliza mama kwanini wasisage dona, akacheka akaziba mdomo na kanga. Dona ni chakula cha shule na cha jela, mgeni ukimwekea dona unamdharau. Ndo maana mimi tangu nifike nakula ugali mweupe kama theluji, kwa heshima yangu.

Mayai je? Kuku wapo kama kumi na mbili wanazunguka. Yai linauzwa. Sijui niliandikeje hili lisionekane kama ni uroho, maana sio. Mama ana deni la marejesho ya VICOBA, kile kikundi cha kuweka na kukopa, kila wiki, anahitaji chumvi, sabuni, mafuta ya taa, daftari. Hela ya viazi ni ya baba, inaenda kwenye mbolea, ada, bati, na sasa baba anaongelea pikipiki. Hela ya mayai ndo hela pekee ambayo mama haombi ruhusa. Ukimwambia ampe mtoto yai kila siku unamwambia atoe mfukoni kwake. Na baba sio mtu mbaya, anachapa kazi kuliko mimi. Ila kwenye hesabu zake chakula hakimo, aliniambia mwenyewe, "chakula tununue cha nini na sisi wakulima?"

Mchana nikaenda kuota jua kwa mzee jirani, shikamoo marahaba, tukakaa. Mzee ni wa karibu miaka themanini lakini kumbukumbu kali. Nikamwambia niliyoyaona jana kwenye kupima watoto. Akasema tulishapima sana hapa. Kumbe miaka ya 80, wakati Njombe bado ni wilaya ya Iringa, kulikuwa na mpango mkubwa wa lishe wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, pesa za Waitaliano, na yeye alikuwa kwenye kamati ya kijiji anaandika uzito wa watoto kwenye daftari. Kila robo mwaka wanapima, wanakaa kikao, wanajiuliza huyu kwanini kashuka, mama yake anafanya kazi wapi, nani anamlisha mchana, wanapanga cha kufanya, wanapima tena. Dada yangu nilipompigia jioni akanithibitishia, kasema ule mchoro wa visababishi vya utapiamlo ambao UNICEF iliutoa mwaka 1990 na wamefundishwa nao chuoni, chakula, malezi, huduma za afya na usafi, chini yake uchumi na maamuzi, ulitokana na kazi ya Iringa. Dunia nzima inafundishwa kilichojifunzwa huku, na Iringa kwenyewe ndo inaongoza kwa asilimia 56.9. Nilikaa na simu mkononi sina la kujibu.

Mzee akanikumbusha pia kimea. Ulezi au mahindi unaloweka yanachipua, unakausha, unasaga. Ukipika uji mzito mzito kabisa alafu ukaweka kijiko cha kimea, uji unalegea wenyewe bila kuongeza maji, kwahiyo mtoto anakunywa kikombe kile kile lakini chakula ni kingi zaidi. Walifundishwa wakati ule, kina mama wakafanya. Nikauliza siku hizi wanafanya? Akanioneshea kwa kidole ng'ambo ya njia, uani kwa jirani, turubai limeanikwa mahindi yaliyochipua. Nikafurahi. Akasema hapana, hayo ni ya komoni, pombe ya kienyeji. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, unaelekea kuisha msimu, komoni ndo inashika zamu, na jumamosi kuna watu.

Kwa jirani huyo huyo kuna bibi analea wajukuu watano. Wazazi hawapo. Njombe ndo mkoa wenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini, asilimia 12.7 kwa watu wazima kwenye utafiti wa 2022 na 2023 wakati taifa ni 4.4, na ukikaa kijijini siku tatu unaacha kuiona kama namba, unaona bibi wa miaka sabini anachota maji. Ana shamba zuri, lina rutuba, halina wa kulilima, kwahiyo kalikodisha kwa mtu wa mjini anayepanda miti. Anauza komoni. Kimea kipo.

Siku ya 6, Jumamosi

Fuso imefika saa 1 asubuhi, dereva kachafuka mpaka masikio. Tumepakia mpaka saa 5. Vijana wawili kubeba gunia moja wanakwama, wanaita wa tatu, wanacheka, "hili limekula nini!"

Nimeaga. Mama kanipa mfuko wa parachichi, makubwa, yale mazuri. Nilikataa akakasirika, nikapokea. Yule binti wa miaka tisa kanisindikiza mpaka kwenye gari na mdogo wake mgongoni, na nimeshindwa kujizuia kumuangalia kimo, ukishaoneshwa ubao ule huwezi tena kumuangalia mtoto kawaida.

Tumefika mizani ya Makambako jioni. Fuso ikapanda taratibu, ikatulia, namba ikatoka: kilo 17,400. Tupo ndani ya kiwango, dereva akashusha pumzi. Ubavuni mwa gari imeandikwa uzito wake tupu, 6,600. Sijui kwanini miaka yote sijawahi kufanya hili toa, nikachukua kalamu nikaandika nyuma ya stakabadhi. Mzigo kilo 10,800. Gawanya kwa gunia 80. 135 kila moja. Zidio kilo 35 mara 80 ni 2,800, yaani gunia 28 ambazo hakuna mtu aliyezilipia, kutoka kwenye shamba moja, kwa safari moja, na nyumba ile uji wake nimeuona.

Dereva akachungulia. "Unapiga hesabu za nini, mwanangu?"

Nikamwambia za mafuta.